Waya Mweusi

Juni 2011, upepo wa kusi ukiwa umeshika, tulizima mashine ya boti karibu na mlango wa bahari wa Kinasi, mashariki ya kisiwa cha Mafia, tukashusha mishipi. Saa mbili baadaye nahodha akaminya swichi ya stata, mota inayoiwasha mashine. Kta. Akaminya tena. Kta, kisha kimya.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa fundi umeme wa magari Kilindoni, na siku tatu kabla ni mimi niliyemwambia nahodha huyo mzee, "Betri yako imekufa." Stata ilikuwa inazunguka kwa kusitasita, nikapima betri ikiwa imetulia, nikaona volti 12.3, nikahukumu. Akatoa pesa alizoweka kwa ajili ya nyavu, akanunua mpya. Nguzo za betri nikazisugua na kuzikaza, mashine ikawaka vizuri, nikafurahi.

Nanga ilikuwa imeshika, lakini maji yameanza kupwa, na aijuaye Kinasi anajua jinsi maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanavyotoka mle kwenda bahari kuu.

Nikatoa mita. Betri, 12.7. Nikamwomba nahodha aminye huku nimeishikilia mita palepale: 12.5. Hapo ndipo jasho liliponitoka. Stata ya dizeli ikivuta umeme wake sawasawa, hata betri nzima hushuka hadi volti 10 au 11. Hii haikushuka, kwa sababu umeme wa kutosha haukuwa unapita. Betri haikuwa na kosa. Na ile ya kwanza je?

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha mashine. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, hata stata inapovuta.

"Minya, mzee."

Saba. Volti saba zilikuwa zinapotelea ndani ya waya mmoja usiofika hata mita mbili.

Ulikuwa waya mweusi mnene, kwa nje mzima kabisa. Nikauchana kwa kisu karibu na kichwa chake, ukamwagika unga wa kijani. Maji ya chumvi yalikuwa yamepanda katikati ya nyuzi za shaba, chini ya mpira, yakazila hadi zikabaki chache. Hizo chache zilitosha kuwasha taa. Stata, inayotaka ampea zaidi ya mia, hazikuiweza.

Begini nilikuwa na waya za kubusti magari. Nikabana upande mmoja kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha mashine.

"Minya."

Ikanguruma mara moja. Kijana wa mbele akaanza kuvuta nanga kabla hajaambiwa.

Tulipofika Utende nikafunga waya mpya, wa shaba iliyopakwa bati, nikasugua kwa msasa mahali unaposhika mashine, nikapaka grisi. Sikuchukua malipo. Kisha nikamwambia ukweli mzee wa watu: betri yake ya zamani haikuwa imekufa, nilimnunulisha mpya bure.

Alikaa kimya kidogo akiitazama bahari. "Kwa hiyo ile ni nzima?"

"Nzima, mzee. Ilitaka kuchajiwa tu."

Mwaka uliofuata nilipita kwake jioni. Betri ile ilikuwa barazani, juu ya kipande cha ubao, ikiwasha taa moja na redio, na wajukuu wake wanasoma kwa mwanga wake.