Jiwe ndani ya mvule

"Babu, hili jiwe liliingiaje ndani ya mti?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo jana alasiri, kidevu chake kikiwa begani mwangu, nami nalipaka bao mafuta ya nazi. Nalipaka kila kaskazi inapoingia, maana upepo ule unakausha mbao mpaka zinalia. Jiwe lenyewe ni dogo, halizidi ukucha wa kidole gumba, rangi yake kama jino la mzee. Limekaa chini kabisa ya shimo la kichwa, lile la mwishoni mwa safu, upande wa kushoto. Mashimo mengine 31 ni mti mtupu.

Nikamjibu ninalolijua. Mvule ukijeruhiwa, tawi likivunjika kwa upepo au mtu akiupiga panga, wakati mwingine hukusanya chokaa ndani ya kidonda, kidogo kidogo, miaka na miaka, hadi pale panakuwa jiwe. Gome hufunga juu yake, na wewe uliye nje huoni kitu. Wapasua mbao wanalijua na wanaliogopa, kwa sababu linamaliza meno ya msumeno kufumba na kufumbua. Nikamtuma ndimu jikoni. Nikalikwaruza jiwe kwa ncha ya msumari kuyatoa mafuta, nikakamulia matone mawili, tukainama wote wawili vichwa vikigusana. Povu jembamba likapanda, vitone vyeupe vinavyopasuka kimoja kimoja.

"Linapumua!" akasema.

Nikamwambia ndiyo tabia ya chokaa, hata hii ya matumbawe waliyojengea wazee wetu. Akaridhika, akakimbia kuwaita wenzake waje waone. Mimi nikabaki barazani na lile bao mapajani hadi adhana ya magharibi.

Bao hilo lilitokana na tawi nililolikata mwaka 1991. Ami, ndugu wa baba yangu, alikwisha acha kukwea miti, magoti yamekataa, kazi kaniachia mimi. Wanaomkumbuka wanajua alivyokuwa na kamba. Alifanya kazi mashamba ya mkonge ujana wake wote kabla ya kuingia kwenye ukataji miti, na kamba ya katani hakuiamini kwa kuitazama. Aliishika, akaifumua kidogo kwa vidole viwili mpaka uzi wa ndani uonekane, halafu akainusa. Katani huanza kuoza ndani, nje bado inang'aa. Ikitoa ukungu au unga, anaikata vipande pale pale mtu asije akashawishika kuitumia. Alipenda kutukumbusha kwamba mkonge ulioenea nchi hii ulitokana na miche 62 tu, iliyobaki hai kati ya 1,000 ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe, huko Pangani. "Miche 62 ikajaza nchi," alisema. "Na uzi mmoja mbovu unaua mtu."

La pili alilotufundisha ni kugonga. Kabla hujawasha msumeno wa mashine, geuza shoka, ugonge kwa kisogo chake kila mahali utakapokata. Mti mzima unaitika. Penye uvungu panalia kama ngoma. Palipooza panaimeza sauti. Na ukisikia sauti fupi, kavu, kama umegonga kizingiti cha nyumba, simama, uulize mara mbili.

Siku hiyo tuliitwa njia ya Pangani, karibu na Tongoni, kwa Bi Mkubwa mmoja mwenye kiwanja cha urithi. Mvule wake ulikuwa mkubwa, watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi, na katika masika yaliyopita tawi moja lilikuwa limepasuka na kuelemea paa la chuo cha Kurani cha watoto. Hakutaka mti ukatwe. Alisema babu yake aliukuta, na chini yake watu wamefukiza ubani tangu hajazaliwa. Tawi tu. Nilimpenda kwa hilo. Siku hizi ukiitwa kwenye mti mkubwa, tisa kwa kumi unaambiwa uuangushe wote, mbao zimeshapata mnunuzi.

Kazi ilikuwa ya watu wawili, mimi juu na mdogo wangu chini. Hakuwa mtu wa miti. Alikuwa mwaka wa tatu akijifunza kuchonga milango kwa fundi mmoja pale Ngamiani, na mikono yake ilikuwa ya kuogofya kwa uzuri wake. Mfaa wa mlango, ule ubao wa katikati, aliouanza ulikuwa na mnyororo umepanda pembeni, juu yake maua ya yungiyungi, kila jani limeinuka kana kwamba limepulizwa. Alikuwa akinisaidia Jumamosi kupata nauli. Maalim alihamishia watoto nyumba ya pili, tukaambiwa hawatatoka mpaka tuwaite.

Nilifunga kamba kwenye tawi, nikaipitisha kwenye panda ya juu, ikashuka hadi kwa mdogo wangu. Yeye akaizungusha shina mara tatu. Ukizungusha mara tatu, mtoto anaweza kushusha tawi la mwanamume mzima, maana gome ndilo linalobeba. Nikakata chini kwanza, theluthi ya unene, ili tawi lisichanike likianza kwenda. Ule mkato ulikwenda vizuri. Utomvu mweupe ukatiririka kwenye gome, unga wa njano ukanijaa puani, na anayeujua unga wa mvule anajua unavyowasha. Nikahamia juu.

Mashine haikufika mbali. Ikapiga kelele nyingine, cheche zikaruka, saa nne asubuhi, kwenye mti mbichi. Nilipoutoa mnyororo nikaona meno yote ya upande mmoja yamelala.

Nilipaswa kushuka. Niketi chini, nichukue tupa, ninoe jino moja moja, tufunge kamba upya, tuanze tena. Nusu saa, labda dakika arobaini. Lakini gari tuliyoikodi ilitakiwa mjini saa sita, na dereva alikwisha piga honi mara mbili. Nikaamua kusogea shibiri moja mbele na kukata kwa meno yale yale. Kamba ikawa fupi. Nikapaza sauti, "Legeza kidogo!" Mdogo wangu akatoa mzunguko mmoja, akanilegezea, nikafunga. Sikungoja airudishe. Nikawasha.

Mnyororo butu haukati, unasugua. Unaulalia kwa uzito wako wote, na mti unachoka kabla haujakatika. Nilisikia tawi linachanika. Ilikuwa sauti ile ya doti ya kanga mpya ikichanwa katikati, ndefu, imenyooka, inakuja upande wangu. Nikaiachia mashine ikaning'inia kwenye kamba yake, nikakumbatia shina, nikatazama chini.

Wakati huohuo watoto watatu walikuwa chini ya mti. Walikuwa wamechopoka kufuata kandambili zao walizoziacha kwenye mlango wa chuo. Mmoja alikuwa ameinama, anaitafuta ya kushoto.

Tawi lilikwenda. Kamba ikakimbia juu ya gome, na pale ilipokimbia ukapanda moshi mwembamba, kweli moshi, niliuona kwa macho yangu. Mizunguko miwili haikutosha. Mdogo wangu alikuwa ameishika kwa mikono mitupu. Angeiachia, asingelaumiwa na mtu, kila mkata miti anaambiwa akizidiwa aachie aruke. Hakuiachia. Alijitupa nyuma, miguu yote miwili kwenye shina, mwili wake umelala hewani kama mtu anayevuta jarife, na kamba ikiendelea kupita ndani ya viganja vyake. Sikumsikia akilia. Nilisikia tawi linapungua mwendo, linapungua, likasimama. Majani ya chini kabisa yaligusa kisogo cha yule mtoto aliyeinama. Akadhani ni mwenzake anamchokoza, akayapiga kwa mkono bila kugeuka.

Halafu akaona, akakimbia.

"Kaka," mdogo wangu aliniita, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi mezani. "Shuka polepole. Usiruke."

Nilishuka. Bi Mkubwa alikwisha fika na mtungi wa maji, anamwagia mikono yake na kusema "Pole mwanangu, pole baba, pole," bila kupumzika. Ilibidi nivikunjue vidole vyake kimoja kimoja kuitoa kamba. Sitaieleza mikono yenyewe. Nitasema tu kwamba kamba ilikuwa nzuri. Niliifumua asubuhi ile nikainusa, haikuwa na doa.

Alikaa hospitali, akatoka, akafungwa na kufunguliwa bandeji kwa miezi miwili. Ngozi ilirudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha pete na cha mwisho, havikukunjuka tena sawasawa, na anayechonga anajua vile vidole vinafanya nini: ndivyo vinavyolala juu ya mti kuizuia patasi isikimbie. Mfaa wake ukamaliziwa na mwingine. Yeye akaenda Pangani kwenye biashara ya nazi, akaoa, akapata watoto, maisha yakaenda.

Bi Mkubwa hakutaka sehemu yoyote ya lile tawi. Alinipa, nikapasuliwa mbao, nikapaka rangi ncha zake zisipasuke, nikazisukuma uvunguni mwa kitanda. Miaka miwili zilikaa. Rangi ya njano ikageuka kahawia mahali penye mwanga, na kila nilipofagia nilizipita. Jioni moja mdogo wangu alikuja kututembelea, akainama, akavuta ubao mmoja.

"Huu unaungojea nini?"

Nikamwambia mimi si mchongaji. Akacheka, akaniambia nilete patasi. Sikuwa nayo, akanitolea zake kutoka kwenye mfuko. Alizileta makusudi, amezifunga kwenye kitambaa cha shuka kuukuu. Mpini wa ile kubwa ulikuwa umeliwa kwa umbo la kiganja chake. Nilipoushika haukunikaa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchonga, nikiwa na karibu miaka thelathini, naye ameketi mkekani pembeni yangu akiniambia. Usilazimishe. Tazama nyuzi za mti zinalala upande gani, zifuate, ukienda kinyume zitakung'oka. Gonga kidogo, mara nyingi. Sasa geuza ubao. Akiona nimekosea hunyoosha mkono kutaka patasi, halafu huurudisha. Shimo la kwanza lilinichukua jioni nzima. Lile la kichwa, la kushoto, lilinichukua muda mfupi zaidi, kwa sababu patasi iligonga kitu na ncha yake ikameguka.

Tulilitazama wote wawili, likiwa limekaa mle ndani kama kokwa. Nikasema nitaugeuza ubao, au nitalichimbua nizibe kwa unga wa mti na gundi. Alilipapasa kwa kidole kimoja kati ya vile vizima.

"Liache," akasema. Hakusema zaidi.

Tangu hapo nimechonga vingi. Mbuzi za kukunia nazi kwa mabinti wote wa ukoo, miiko, vinu vya mkwaju ambavyo havipasuki hata ukitwanga kutwa. Miti niliipogoa hadi miaka sita iliyopita, kisha nikashuka kwa hiari yangu. Mikono yangu ni mizima, vidole kumi.

Kuna jambo moja sijalisema kwa mtu. Asubuhi ile nilipopanda, niligonga. Niligeuza shoka kama nilivyofundishwa, nikagonga chini ya tawi likaitika, nikagonga juu, na pale juu ilitoka sauti fupi, kavu. Niliisikia. Nilisimama nayo sikioni kwa pumzi moja, dereva akapiga honi, nikalitundika shoka kiunoni. Baadaye kila mtu alisema jiwe la mvule ni kudra, nani angejua kilichomo ndani ya mti. Mdogo wangu mwenyewe aliniambia hospitalini, mikono imefungwa kama vifurushi, "Ungejuaje, Kaka?" Nami nikanyamaza. Nilidhani nitamwambia akipona. Alipopona nikadhani si wakati wake. Kisha ikawa miaka, na neno likikaa miaka halitoki tena kama lilivyoingia. Kumwambia leo sijui kama kungempa yeye kitu, au kungenipunguzia mimi tu. Nimelizungusha mawazoni mara nyingi huku nakwangua miti, na sijafika.

Anakuja kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Anaketi upande ule ule siku zote, na ananifunga, kwani kichwa chake bado ni chepesi kuliko changu. Anasambaza kete, na komwe ikidondoka kwenye mashimo mengine inatoa sauti nzito ya mti. Ikifika pale kwenye kichwa, inasema "ti". Ananyanyua macho kidogo, kisha anaendelea.

Leo asubuhi mjukuu wangu ameniuliza kama Babu wa Pangani anajua kwamba jiwe linapumua. Nikamwambia sidhani. Amechagua ndimu nyingine jikoni, iliyoiva vizuri, ameiweka dirishani. Anasema ni ya Jumapili, atamwonyesha mwenyewe, na nisimwambie kabla.