Herufi moja ya matokeo na digrii ya hisabati: ninavyowapima vijana hapa Mwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, simu hazilali. Mzazi wa Nyakato ana kijana mwenye B ya hisabati, anauliza kama akaisome chuo kikuu. Mzazi wa Sengerema ana binti mwenye D anayeipenda hisabati kuliko somo lolote, naye anauliza hilohilo. Wote nawajibu kwamba mtoto aje mwenyewe na daftari, tukae saa mbili. Nafundisha hisabati kidato cha tano na sita. Utaratibu huu niliuanzisha baada ya kuona B zikikwama mwaka wa kwanza chuoni na C zikimaliza vizuri.

Matokeo yana kazi yake halali, na tunaanza nayo. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa digrii ni kufaulu masomo makuu mawili kwa jumla ya pointi 4.0. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha mlangoni, lakini kila programu ina masharti yake kwenye mwongozo wa TCU, na juu ya masharti kuna ushindani wa nafasi. Tunaufungua mwongozo kwanza, tunasoma mstari wa programu yenyewe. Waliosoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) huumia hapa: wana BAM nzuri, yaani hisabati ya ziada, lakini BAM haihesabiwi kama somo kuu. Mlango ukiwa umefungwa, tusipotezeane muda, tunatafuta programu nyingine siku hiyohiyo.

Mlango ukiwa wazi, ndipo nageukia kile ambacho herufi haisemi. Hisabati ya kidato cha sita ina pepa mbili, kila moja saa tatu, na mwisho wake unapewa herufi moja tu. C ni kuanzia 60 hadi 69, B inaanzia 70, kwa hiyo alama moja inaweza kubadilisha jina la mtoto mtaani. Wenye C wawili wanaweza kuwa watu tofauti kabisa. Mmoja amezikusanya alama kwenye kikokotoo, takwimu na intigresheni. Mwingine kazipata kwenye mantiki, vekta na namba changamano. Vilevile mtihani wa saa tatu unazawadia kasi: umeshaona swali la aina hii kwenye pasti pepa, unakumbuka hatua, unashuka nazo. Ni uwezo wa kweli, siudharau. Ila digrii ya hisabati, ukishavuka kalkulasi ya mwanzo, inakuuliza jambo jingine: thibitisha. Analisisi (nadharia iliyo nyuma ya kalkulasi) na aljebra dhahania ni uthibitisho kutoka wiki ya kwanza hadi ya mwisho. Anayeomba vyuo vya Marekani ajue kwamba hata sehemu ya hisabati ya SAT, yenye alama 200 hadi 800, haimtaki aandike uthibitisho wowote.

Basi kikao chetu ni cha maswali matatu. Kikokotoo kinakaa kwenye begi na saa haitazamwi. Namwambia mapema kwamba simsahihishi kwa alama, natazama anafanya nini akikwama.

La kwanza: chukua n² + n + 41, anza na n = 0, uniambie unaona nini. Anapata 41, 43, 47, 53, 61, 71, 83, 97, 113, 131. Zote namba tasa. Namuuliza: je, ni hivyo daima? Wengi husema ndiyo, nimejaribu mara kumi. Wengine wanaendelea kuhesabu kwa uvumilivu mkubwa, na fomula inawadanganya mpaka n = 39. Kwenye 40 inatoka 1681, ambayo ni 41 × 41. Ninayemsubiri ni yule anayeweka kalamu chini, akaitazama fomula, akasema: "Mwalimu, nikiweka 41 si kila kipande kitagawanyika kwa 41?" Huyo amevuka. Hakuhesabu zaidi ya wenzake, aliuliza fomula imejengwaje. (Leonhard Euler aliandika ndugu yake, n² − n + 41, mwaka 1772.)

La pili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kila aliyesoma hisabati ya kidato cha sita anajua uthibitisho wa induksheni: onyesha kwa 1, chukulia k, fika k + 1. Namwandikia huu, kwamba mitumbwi yote ya Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki ziwani, ina rangi moja. Mtumbwi mmoja una rangi moja na wenyewe, sawa. Tuchukulie kundi lolote la mitumbwi k lina rangi moja. Sasa panga k + 1 ufukweni. Ondoa wa mwisho, iliyobaki ni k, rangi moja. Urudishe, ondoa wa kwanza, iliyobaki ni k, rangi moja tena. Ya katikati imo kwenye makundi yote mawili, kwa hiyo yote ni rangi moja. Kosa liko wapi?

Jibu la haraka ni "lakini mitumbwi ya Kirumba ina rangi nyingi." Kweli, ila hilo linasema hitimisho ni la uongo, halisemi ni mstari gani uliovunjika. Jibu la pili ni kulaumu hatua ya "tuchukulie", na hapo ndipo unajua kwamba induksheni ilikaririwa tu. Kosa lipo kwenye neno "katikati". Ukitoka 1 kwenda 2 una mitumbwi miwili: ondoa huu, unabaki ule; ondoa ule, unabaki huu. Katikati hakuna kitu. Kijana akihangaika na swali hili nusu saa nzima na bado hataki nimtajie, naandika hilo kwenye daftari langu kabla ya jibu lenyewe.

La tatu ni fupi. Kwenye 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea, kuanzia namba ya ngapi zote ziko chini ya 0.001? Anayesema 1000 hajasoma neno "chini", ni 1001. Kisha: nikichagua namba chanya ndogo yoyote bila kukutajia, niandikie kanuni ya kujua ni kuanzia namba ya ngapi zote ziko chini yake. Hicho ndicho kitu kinachowaangusha wengi kwenye analisisi, na afadhali akutane nacho mezani kwangu.

Kuamua ni kuweka herufi na kikao pamoja. A au B iliyotulia kwenye maswali haya, mwache aende hisabati. A ambayo imechoshwa nayo na inauliza "hii inatumika wapi?" nawaelekeza kwenye takwimu, takwimu bima au uhandisi, na huko watang'ara. C iliyong'ang'ania mitumbwi naitetea mbele ya mzazi bila woga. D yenye moyo ni ngumu zaidi, na hapo simfichi mtu: kalkulasi ya mwaka wa kwanza bado inataka mkono mwepesi wa aljebra, na D nyingi ninazoziona zinatokana na alama za kutoa zilizopotea na mabano yaliyofunguliwa vibaya. Huyo nampa pasti pepa, maswali matano ya aljebra kila siku kwa wiki sita, kabla chuo hakijafunguliwa. Asipoweza kuzimaliza wiki mbili za kwanza, tunazungumza tena.

Kwa wanaotakiwa JKT (mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa), kikao kifanyike Mei mara tu baada ya mtihani, maana matokeo yatawakuta kambini na dirisha la maombi halisubiri. Akichaguliwa vyuo viwili au zaidi, athibitishe kimoja ndani ya muda. Kuhama programu ukishasajiliwa kunategemea nafasi na vigezo, usipange maisha juu yake.

Wiki moja baada ya kikao namtaka aniandikie upya kosa la mitumbwi, ukurasa mmoja, bila kutazama daftari, kana kwamba anamweleza mdogo wake wa kidato cha tano. Anayeniletea ukurasa huo na swali lake juu yake, mathalani "kama tungeanza na mitumbwi miwili, uthibitisho ungesimama?", tunajaza naye fomu siku hiyohiyo.