Pedeli za Mbele, Nyegezi

Sanduku langu la pili, ambalo mama huwa wa kwanza kulifungua akitarajia mablanketi na mafuta ya kupaka, safari hii lilikuwa limejaa vyuma. Mlikuwa na pedeli ya gia na pedeli ya breki za kufungwa mbele, sehemu mbili za kukanyagia, vishikizo viwili vizito vya kufungwa kwenye fremu, rodi mbili na mfuko wa bolti. Mama aliinua rodi moja, akaitazama, akairudisha taratibu na kuuliza kama kule Marekani maduka ya nguo yamefungwa.

Vyuma hivyo vilikuwa vya Honda Rebel ya cc 250 niliyoituma nyumbani Nyegezi, jijini Mwanza, kwa kontena, ambayo mdogo wangu Deus huiendesha ninapokuwa Wichita, Kansas, yaani karibu mwaka mzima. Pikipiki ya aina hiyo, ambayo Wamarekani huiita kruza, imetengenezwa kwa mwendo wa kustarehe. Kiti chake kiko takribani sentimita 67 tu kutoka ardhini, na mtu mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 90 kama mimi akikaa juu yake, magoti humpanda hadi yakagombana na usukani kila anapokata kona. Dawa yake ni kuzihamishia pedeli mbele ya injini ili miguu inyooke. Pikipiki yangu ya Kansas niliifanyia hivyo mwenyewe gereji kwangu wakati wa theluji, kwa sababu fundi wa kule hulipwa kwa saa, na saa yake moja humeza saa zangu kadhaa za kubeba maboksi ghalani. Niliona kazi niliyoiweza peke yangu kwenye baridi haiwezi kunishinda chini ya mwembe wa Nyegezi.

Jumamosi asubuhi tuliitoa pikipiki uani. Mzee jirani alitupa mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akavuta kigoda na kukaa kusubiri mwisho wa jambo. Deus alikuwa amemwita fundi anayetengeneza bodaboda za kijiweni, na swali la kwanza la fundi lilikuwa, "Kaka, na upande wa kisigino uko wapi?" Bodaboda nyingi zina pedeli ya gia yenye ncha mbili, moja ya vidole na nyingine ya kisigino, wakati hii yangu ilikuwa na ncha moja tu. Nilimweleza kwamba ndivyo ilivyo, akaguna.

Kabla ya kufungua chochote, niliomba rangi ya kucha ya dada yangu, nikaweka nukta moja nyekundu kwenye ncha ya shafti ya gia, kile chuma cha duara kinachochomoza kwenye injini, na nyingine kwenye mkono wa chuma unaoishika. Shafti hiyo ina meno madogo pande zote, na mkono ukirudishwa huku umeruka jino moja au mawili, pedeli hukaa juu mno au chini mno. Nukta hizo ndizo kitu cha maana kuliko vyote nilivyofanya siku ile.

Bolti zilitutesa. Aliyeniuzia seti ile alinipa bolti za inchi kwa pikipiki ya Kijapani ambayo matundu yake ni ya milimita. Bolti ya 5/16 ya inchi na ile ya milimita 8 hupishana unene kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo macho hayawezi kuzitofautisha. Lakini nyuzi zake, yaani ile mistari ya kuzunguka bolti, zimepangana tofauti, hivyo huingia mizunguko miwili, kisha hukwama. Mimi nilikuwa tayari kukaza kwa nguvu. Fundi alinishika mkono akasema, "Hapana kaka, hapo unaua nyuzi za fremu," akapanda pikipiki yake hadi stendi na kurudi na bolti nne za milimita 8 ambazo ziliingia kwa vidole.

Breki ya nyuma ilikuwa rahisi, kwa kuwa ni ya ngoma inayovutwa kwa rodi na haina mafuta ya kutolewa hewa. Tulihakikisha rodi mpya haigusi bomba la moshi, tukarekebisha nati ya nyuma mpaka pedeli ikawa na uhuru wa kama sentimita mbili hadi tatu kabla ya breki kushika. Kilichosahaulika ni swichi ya taa ya breki, ambayo huvutwa na springi ndogo kutoka kwenye pedeli: pedeli ilihamia mbele, swichi ikabaki ilipokuwa. Mzee jirani ndiye aliyesema taa haiwaki, naye alikuwa sahihi. Fundi aliirefusha springi kwa kipande cha waya mgumu.

Nikapanda. Nilikanyaga chini kutafuta gia namba moja, ikaingia namba mbili, pikipiki ikashtuka na kuzima mbele ya kibanda cha chipsi. Rodi huunganisha mkono wa pedeli na ule wa shafti; wa pedeli ulikuwa umetazama juu na wa shafti nimeufunga ukitazama chini, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kinyume. Mikono hiyo miwili sharti itazame upande mmoja. Fundi alicheka huku ameinama, kwa heshima.

Jioni niliiendesha hadi Kigongo, penye lile daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 mahali tulipokuwa tukisubiri kivuko. Juu ya daraja, miguu imenyooka na ziwa liko pande zote mbili, nilijiona niko Kansas yenye maji. Kwenye matuta ilikuwa habari nyingine: miguu ikiwa mbele huwezi kuinuka kitini, na kila tuta hupokelewa na uti wa mgongo. Mama aliponiona naingia getini alisema nimekaa kama niko kwa kinyozi.

Asubuhi iliyofuata Deus aliichukua kwenda kazini. Aliporudi nilimuuliza inaendaje, akajibu, "Nzuri sana, kaka." Siku ya tatu nilisimama dirishani nikamwona akiondoka: alikuwa amejisogeza hadi ncha ya kiti, mgongo umepinda, akiitafuta pedeli ya breki kwa ncha ya kiatu. Deus ana urefu wa mita 1 na sentimita 65. Mimi hukaa Nyegezi wiki tatu kwa mwaka.

Tulifungua kila kitu siku mbili kabla ya ndege yangu, mimi na yeye tu, kwa muda usiofika saa moja. Nukta mbili nyekundu zilikutana palepale. Seti imo stoo kwa mama, na bolti za inchi ziko kwenye kopo la siagi, juu ya mlango.