Jinsi nilivyoondokana na ngozi iliyolegea mikononi

Baada ya kupunguza uzito, ngozi ya mikono yangu juu ya kiwiko ilibaki ikining'inia. Karibu na kwapa ilichubuka kwa jasho na kuwasha. Mazoezi yalijenga misuli, lakini ngozi haikurudi: nyuzi zake zikishavutika kupita kiasi hazijikazi tena, hata upake mafuta gani.

Kilichonisaidia ni upasuaji uitwao brakioplasti. Daktari alitaka kwanza uzito utulie kwa miezi 6 hivi. Wavutaji sigara huambiwa waache, maana nikotini huchelewesha kidonda kupona. Nilipewa dawa ya usingizi, ngozi ya ziada ikakatwa na kushonwa upande wa ndani wa mkono.

Jambo la kufikiria sana ni kovu. Linatoka kwapani hadi karibu na kiwiko. Mwanzoni ni gumu na limeinuka, kisha hulainika taratibu, pengine kwa mwaka na zaidi. Kama una asili ya makovu yanayovimba, mwambie daktari mapema. Nilivaa vazi la kubana kwa wiki kadhaa, nikalaza mikono juu ya mito, sikunyanyua kitu kizito. Ganzi ilikuwepo kwa muda. Kwangu, kovu hilo ni afadhali mno kuliko michubuko ile.