Jumanne Iliyopambazuka Mara Mbili

Kwa wiki nzima kabla ya kuondoka nilikuwa napiga hesabu. Kutoka uwanja wa Changi, Singapore, hadi John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 15,300, bila kutua popote. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, maana yake hakuna pahala pawili panapoachana kwa zaidi ya 20,000. Basi zaidi ya robo tatu ya umbali huo nitaumaliza nimekaa kiti kimoja! Nikagawa kwa mwendo wa ndege, kilomita 900 kwa saa, nikapata saa 17. Tiketi ilisema zaidi ya 18.

Jibu nililipata kwenye tufe. Nilinyoosha uzi kati ya miji hiyo miwili, ukapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini. Hiyo ndiyo njia fupi. Lakini siyo tuliyopita. Ndege iliruka karibu saa sita usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, mwezi Juni, ikashika kaskazini mashariki kuelekea Pasifiki, kuufuata upepo. Huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kwa nguvu kwenda mashariki, na rubani akiupata mgongoni, njia ndefu humfikisha mapema kuliko fupi. Kwenye ramani ya kitini niliona kasi yetu ikipanda hadi kilomita 1,040 kwa saa, na sauti ya injini haikubadilika hata kidogo.

Ndege yenyewe ni Airbus A350-900ULR, iliyotengenezwa kwa safari za namna hii. Ina abiria 161 tu. Uzito uliobaki ni wa mafuta.

Saa nne baada ya kuruka, tukiwa upande wa Japani, nilipandisha kifuniko cha dirisha kidogo. Ukingo wa bawa ulikuwa mwekundu, kisha jua likachomoza. Jumanne asubuhi. Baadaye, katikati ya bahari, tukavuka mstari wa kubadili tarehe na Jumatatu ikarudi. Mchana ule ulikuwa wa ajabu: tulikuwa tunakimbia kuelekea jioni, nayo inatujia mbio. Nilimaliza usingizi, nikatembea ujia mzima mara sita kunyoosha magoti, nikarudi dirishani. Chini palikuwa na milima ya Alaska, theluji juu, vivuli vya bluu mabondeni.

Jua lilituchwea juu ya Kanada. Usiku wenyewe ulikuwa mfupi, na upande wa kaskazini weupe haukuondoka angani. Ulitambaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia mpaka ukawa alfajiri. Ilikuwa Jumanne, ileile niliyokwisha kuiona ikipambazuka juu ya Pasifiki. Sijawahi kuielewa dunia kuwa ni duara inayozunguka kama nilivyoielewa dakika ile, paji la uso likiwa limegusa kioo baridi.

Tulitua baada ya saa 18 na dakika kumi. Nilishika saa yangu ya mkononi ili niirekebishe. Kwa Singapore ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Saa ya ukutani pale uwanjani ilionyesha saa kumi na mbili asubuhi. Mishale ilikuwa palepale, nikaiacha.