Vihekalu vya Njiani, Chennai

Nilifika Chennai, jiji la kusini mwa India, mwezi wa saba kumsindikiza shangazi kwenye matibabu, kama wafanyavyo wengi wa kwetu. Kutoka nyumba ya wageni hadi hospitali si mbali, lakini kila baada ya maduka machache tulikuta kihekalu cha Kihindu: kimoja kimeegemea ukuta wa shule, kingine kimejibana kando ya transfoma, na kimoja kimekaa katikati kabisa ya njia ya waenda kwa miguu. Hapo nililazimika kukishusha barabarani kiti cha magurudumu cha shangazi, mabasi yakitupita ubavuni.

Nilimuuliza dereva wa bajaji tuliyemzoea nani alikijenga. "Hakuna, dada. Kilikua chenyewe."

Akanieleza kinavyokua. Kwanza huwa ni mti: mwarobaini, ambao Watamil, wenyeji wa huko, wanauhusisha na mungu mama Mariamman, au mti wa jamii ya mkuyu, ambao chini yake huwekwa Ganesha mwenye kichwa cha tembo. Mtu anaweka jiwe shinani na kulipaka manjano. Mwingine anafunga kitambaa. Mgonjwa akipona, familia yake inajenga jukwaa la saruji. Biashara ikimnyookea mtu, analeta vigae, mwenzake bati na taa. Mwishowe vinakuja geti la nondo na sanduku la sadaka, na sanduku likishawekwa, kukigusa ni kugusa riziki ya watu.

Septemba 2009 Mahakama ya Juu ya India ilikataza kujenga hekalu, msikiti, kanisa au gurudwara (nyumba ya ibada ya Masingasinga) jipya bila kibali barabarani na katika viwanja vya umma. Vilivyokuwepo tayari iliziachia serikali za majimbo zivipime kimoja kimoja. Katika jiji la Vadodara, magharibi mwa India, mwaka 2006, kubomolewa kwa kaburi la walii wa Kiislamu kulizua ghasia zilizoua watu, kwa hiyo naelewa kwa nini ofisa anasita kupeleka tingatinga.

Siku shangazi alipopata nafuu, dereva alitupeleka barabara ya Pallavan Salai, kwenye hekalu la Muneeswaran, mungu mlinzi wa wasafiri. Magari mapya yalikuwa yamepanga foleni. Ndimu huwekwa chini ya matairi, nazi inapasuliwa, kisha gari linasogezwa lizikanyage. Dereva wetu mwenyewe bajaji yake aliileta hapo kabla ya kupakia abiria wa kwanza.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kihekalu cha mwarobaini karibu na tulipolala. Ulikuwa mwezi wao wa Aadi, na wanawake waligawa uji wa ulezi kutoka sufuria kubwa, pamoja na vitunguu vibichi. Hakuna aliyetuuliza dini. Shangazi, ambaye chakula kilikuwa hakimpiti, alimaliza bakuli na kuomba la pili. Muuza asumini aliniambia kwamba kwenye hekalu kubwa la Kapaleeshwarar, kule mtaa wa Mylapore, yeye huenda siku za sikukuu. Hapa husimama kila alfajiri kabla ya kutandaza maua yake. Mtu wa namna hiyo ukimbomolea, umemwonea.

Nilimwambia dereva kwamba mti na jiwe vibaki, ila nondo ziondolewe njiani. Akakataa: bila nondo, sadaka itaibwa usiku. Basi sanduku na geti visogezwe ukutani, nikasema, mita moja tu, mgonjwa apite. Alimtazama shangazi, akasema hilo hata yeye angelichangia.