Kabla ya kugeuza nyumba kongwe kuwa malazi ya kulala na kifungua kinywa

Mgeni anayelala katika mji wa kale anataka boriti za mbao, kuta nene na dirisha linalotazama uchochoro. Akiondoka, anayoyasimulia ni mengine: maji ya moto yaliyokwisha hajamaliza kuoga, harufu ya ukungu kabatini, chai iliyochelewa. Nyumba za zamani zilijengwa kwa familia moja yenye bafu moja, au bila bafu kabisa. Ukiweka vyumba vinne vya wageni, kila kimoja na bafu lake, umeitwika nyumba mzigo isiouzoea. Ndiyo maana fundi bomba aje kwanza, mapazia yatasubiri.

Hesabu ya maji ya moto haina ugumu, ila wengi hawaipigi. Bomba la mvua linalotoa lita 8 kwa dakika, kwa mtu anayeoga dakika 8, hutumia lita 64 za maji ya nyuzi 40 hivi. Tangi likiwa na nyuzi 60 na maji ya baridi nyuzi 20, nusu ya hizo, yaani lita 32, hutoka kwenye tangi. Wageni wanane ni lita 256, na karibu wote huoga kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi ili wawahi matembezi. Hita ya wati 3,000 huchukua kama saa moja na nusu kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60. Kwa hiyo, wageni wakifuatana kuoga, tangi la lita 80 linatosha wawili, na wa tatu anabaki na sabuni mwilini.

Usijaribu kubana matumizi ya umeme kwa kushusha joto la tangi. Maji ya uvuguvugu ndiyo makazi ya Legionella, bakteria waliogunduliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu hotelini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Tangi libaki nyuzi 60, na karibu na bafu pawe na vali ya kuchanganya maji ili mgeni asiungue. Chumba kikikaa wiki bila mtu, fungulia mabomba yote dakika kadhaa kabla ya mgeni kuingia, dirisha likiwa wazi.

Maji machafu nayo yana masharti yake. Bomba la kutolea maji ya bafu linahitaji mteremko wa sentimita 2.5 hivi kwa kila mita. Bafu likiwa mita 4 kutoka bomba kuu, unahitaji kina cha zaidi ya sentimita 10 chini ya sakafu, na hapo ndipo fundi mwenye haraka hukata boriti zinazobeba orofa. Usimruhusu. Inua sakafu ya bafu kwa kidaraja kimoja, au panga mabafu yakae moja juu ya jingine karibu na bomba kuu. Kidaraja hicho kiwe na taa ndogo ya usiku, maana mgeni haijui nyumba.

Kuta zilizojengwa kwa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizipiga plasta ya saruji au rangi ya plastiki, unyevu unanaswa ndani, rangi inavimba, chumvi inachomoza kama unga mweupe, na baada ya misimu michache plasta inabanduka kwa vipande. Wenye nyumba wengi hupaka rangi upya kila mwaka wakidhani wametibu, kumbe wanaongeza tabaka la kuziba. Rudisha plasta ya chokaa na rangi ya chokaa, na kabla ya hapo tafuta maji yanakotoka: mfereji wa paa uliopasuka, au udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani. Kabati na vichwa vya vitanda vikae sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje. Feni ya bafu iendelee kuzunguka dakika 15 baada ya taa kuzimwa. Katika miji mingi yenye hifadhi, hata tundu la feni linahitaji kibali. Uliza kabla ya kutoboa.

Sasa jikoni. Birika la wati 2,000, tosta ya 1,000 na hita ya maji ya 3,000 vikiwashwa pamoja ni wati 6,000, yaani ampea 26 hivi kwenye umeme wa volti 230. Vyote vikiwa kwenye laini moja yenye breka ya ampea 20, umeme utakatika wageni wakiwa mezani. Hita iwe na laini yake.

Usiku uliotangulia, muulize kila mgeni atakula saa ngapi na chakula gani hakili, kisha pishanisha meza kwa dakika 15. Mpishi mmoja mwenye vikaango viwili huhudumia meza nne bila kuhangaika zikipishana. Zikija pamoja, ya mwisho husubiri nusu saa. Mwenye mzio wa karanga au ngano apikiwe kwanza, kwa chombo kisafi na kisu chake. Maziwa na nyama vikae chini ya nyuzi 5, vya moto juu ya 60, na vikikaa mezani zaidi ya saa mbili vimwagwe.

Kila kitanda kiwe na seti tatu za shuka: moja kitandani, moja kabatini, moja kwenye kufuliwa. Kila mgeni anapoondoka, kagua mishono ya godoro kwa tochi. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni dalili ya kunguni. Funga chumba siku hiyo hiyo, usihamishie godoro kingine.

Ving'amua moshi viunganishwe ili kimoja kikilia vyote vilie, hasa kama ngazi ni ya mbao na ndiyo njia pekee ya kutokea.

Kwenye tangazo andika idadi ya vidato, upana wa ngazi, gari linaishia wapi na kengele au adhana inasikika saa ngapi. Asiyeyaweza atachagua kwingine kabla ya kulipa, na hilo ni jema kwenu wote wawili. Tuma picha ya mlango mchana wa siku ya kufika, kwa sababu ramani za simu hupotoka ndani ya vichochoro vyembamba.